Pikapu Iliyonukia Ndizi

Tangu nirudi mnaniuliza swali moja tu. Walimu wenzangu wameniuliza, katekista ameniuliza, hata yule mama anayeuza maandazi nje ya uzio wa shule ameniuliza huku akinirudishia chenji: "Mwarimu, gari riko wapi?" Nimekuwa nikijibu kwa vipande, na kila mmoja anachukua kipande chake na kukipeleka kilabuni kukiongezea chumvi. Nimesikia kwamba gari lilichomwa na majambazi, na kwamba nililipoteza kwenye kamari. Laiti ingekuwa hivyo. Nimeandika habari nzima, tangu tulipotoka Mabawe hadi tulipofika, ili mwenye kutaka kucheka acheke mara moja na kumaliza.

Kabla ya kuondoka

Gari mlilijua, lakini hamjui nililipataje. Nililinunua Kahama kwa mfanyabiashara wa pamba aliyevaa kofia nyeupe na kuniita "mdogo wangu" tangu salamu ya kwanza. Pikapu ya buluu, taa moja nzima, viti vilivyoshonwa upya. Niliuza ng'ombe wawili, na nikauza mabati ambayo mama yangu alikuwa akiyasubiri kwa misimu miwili ya mvua ili nyumba yake iache kuvuja. Nilimwambia, "Mama, gari litaleta mabati mengine." Miaka hii ya wakimbizi mashirika yanakodi kila kitu chenye magurudumu, na watu wasiojua hata kusoma kibao cha barabarani wamejenga nyumba za matofali kwa kukodisha magari. Kwa nini si mimi?

Siku ya kulijaribu pale Kahama lilikimbia kimya kama watu wakati wa ekaristi. Ndani lilinukia ndizi mbivu. Mwuzaji akasema limebeba sana ndizi za Bukoba. Mtu wa pwani au mtu wa Dodoma angejiuliza kwa nini gari tupu, lililooshwa kwa sabuni, linanukia ndizi namna ile. Mimi nimezaliwa migombani, nimelelewa migombani, na pombe niliyobatiziwa kijijini ni ya ndizi. Nilivuta ile harufu nikajisikia nimefika nyumbani, nikatoa hela.

Mashirika hayakulikodi. Fundi wao alilala chini yake muda mfupi tu, akainuka akijipangusa magoti na kutikisa kichwa. Niliwaambia nyote kwamba ni wivu.

Jumamosi moja utingo wa basi la Kahama akaniletea barua kutoka kwa Pastori, mtoto wa mama mkubwa Leokadia. Mama mkubwa ni dada wa pekee wa mama yangu, aliolewa upande wa Biharamulo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Nyakanazi. Barua ilikuwa fupi: mama mkubwa hali chakula tena, anamwita mdogo wake. Mama hajui kusoma, nikamsomea. Akasema kesho Jumapili basi linapita, apande.

Mimi ndiye niliyekataa. Nilimwambia haiwezekani mama wa mtu mwenye gari aende kubanwa kwenye basi na magunia ya dagaa. Nikampa utingo ujumbe wa kupeleka, na nikamtaka aurudie mara mbili ili asikosee: "Waambie Jumatatu tunakuja na gari letu wenyewe, hadi mlangoni." Hayo maneno mawili ya mwisho niliyaongeza kwa majivuno, na ndiyo yananiuma hadi leo.

Mabawe hadi Ngara mjini

Mama aliandaa vitu vya kumpelekea dada yake. Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, sembuse kwa dada uliyekaa miaka bila kumwona. Alifunga gunia la maharage, dumu la pombe ya ndizi, kitenge kipya cha rangi ya njano, na mbuzi jike mwenye kidevu cheupe. Hayo manne myaweke akilini.

Niliwasha gari saa kumi na mbili asubuhi. Tuliondoka saa tatu. Mwenye gari kijijini hana gari, ana mali ya ukoo. Alikuja shemeji kutoka Murukulazo na mikungu minne, akaja mzee mwenye jino la kung'oa, wakaja wanakwaya watatu na ngoma yao. Ningemkataa nani? Ukisema "sina nafasi" na nyuma kuna upana wa kulaza ng'ombe, unajitangazia uchawi. Tukawa watu kumi na wanne pamoja na mbuzi.

Kwenye miteremko nilizima injini ili kuokoa petroli, kama wafanyavyo madereva wote wa milima yetu, na gari likashuka kwa uzito wake. Injini ikizimwa ndipo unasikia mambo mengine. Nilisikia sauti nyembamba kutoka chini nyuma, kama mtu anayeugua na hataki mwenyeji wake ajue. Nikawaomba wanakwaya waimbe.

"Gari lako linanukia ndizi mbivu," mama alisema. Mama anasema Kihangaza tu. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili, lakini msikie kwa Kihangaza.

"Ndiyo uzuri wake, mama."

Njiani alinisimulia jinsi walivyomsindikiza dada yake alipoolewa. Walikwenda kwa miguu kutoka Mabawe, wasichana sita na wazee wawili, wakilala kwa watu. Walifika siku ya nne, wakiwa na mbuzi na pombe na nyimbo. Nikacheka, nikamwambia leo utakula chakula cha jioni kwa Leokadia. Akanigusa bega, akafurahi sana.

Ngara mjini abiria wote walishuka, tukabaki mimi, mama na mbuzi. Petroli ilikuwa ya foleni. Magari meupe ya mashirika yalikuwa mbele, moja baada ya jingine, kila moja na antena ndefu. Tulisimama hadi saa nane mchana. Mama alikula ndizi za kuchoma na kuwatazama wazungu, akauliza kama wale nao wana mama zao wagonjwa mahali.

Ngara hadi Kasulo

Tulipoanza kushuka kuelekea Kasulo, ile sauti nyembamba ikawa nene. Ilikua kila kilomita. Kufikia karibu na makambi ya wakimbizi ilikuwa ni kilio cha wazi kabisa, watu wa barabarani wanageuka kabla hatujawafikia. Jua lilikuwa linazama, moshi wa maelfu ya mafiga umelala juu ya vilima ambavyo zamani vilikuwa na miti. Pale kitu kikapiga chini ya gari, mara tatu, tukasimama.

Tulilala kwenye kibanda cha mama mmoja muuza chai. Asubuhi ya Jumanne alituletea fundi, mkimbizi aitwaye Venansi, mtu mwembamba, mpole, ambaye ng'ambo ya mpaka alikuwa na gereji yake na vijana watano. Sasa alikuwa na spana saba ndani ya soksi. Alimsalimu mama kwa lugha yake, akamwita mukechuru, neno la heshima kwa bibi ambalo kwao na kwetu ni lilelile. Mama akapata mtu wa kuzungumza naye, akamsahau mwanawe.

Venansi alilala chini ya gari, akafungua difu, lile tumbo la chuma linalogeuza magurudumu ya nyuma. Akatoa mkono. Mkononi alikuwa na uji mweusi, mzito, wenye nyuzinyuzi. Akaunusa. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo hata na mkaguzi wa shule.

"Mwarimu, hii siyo oili. Hii ni chakula."

Mama alisogea, akauchota kwa kidole, akaunusa na yeye. "Ndizi za kisukari," akasema. "Na zilikuwa zimeiva mno."

Watu waliokuwa wamejaa pale wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Venansi hakucheka. Alinieleza taratibu: beringi zikichakaa difu hulia, na mwuzaji mjanja hupondaponda ndizi mbivu pamoja na grisi nzito akaijaza mle. Gari hunyamaza kwa wiki kadhaa. Ndizi zikikauka kwa moto wa chuma, kilio hurudi, na kinakuta beringi zimeliwa zaidi kwa kukosa oili. Waswahili husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi niliuziwa gunia, na ndani yake zao la nyumbani kwangu, na bado nikamshukuru mwuzaji.

Wakati Venansi anazunguka makambini kutafuta beringi kwenye lori moja bovu, basi la kwenda Kahama likasimama kushusha watu. Utingo ni yuleyule wa barua. Akanitambua, akaruka chini.

"Mwarimu! Si mungekuwa mumefika tangu jana? Shikamoo, bibi. Siti ipo, apande bibi peke yake, mimi nitamushusha Nyakanazi na nimutafutie mutu wa kumupereka."

Mama alinigeukia mimi. "Gari litapona leo?"

Hapa ndipo ningependa niandike uongo, lakini nimesema nitaandika habari nzima. Venansi alikuwa amenieleza waziwazi kwamba kazi ile itamaliza siku. Mimi nikaona watu walionicheka bado wamesimama. Nikaona mama yangu anapanda basi mbele yao, nami nimebaki na difu iliyojaa ndizi. Nikasema, "Saa mbili tu, mama."

"Basi nasubiri gari la mwanangu," mama akamwambia utingo. Basi likaondoka na siti yake ikiwa tupu. Lilikuwa linafika Nyakanazi mchana uleule.

Venansi alimaliza jua likikaribia kuzama. Hela yangu aliitazama bila hamu. Alisema mahindi ya njano ya mgawo wanayo hadi wanayachukia, ila maharage hayatoshi, na mkewe alikuwa amejifungua wiki ile na mtoto amefunikwa turubai. Mama akafungua mzigo wake mwenyewe, bila kuniuliza. Akatoa gunia la maharage, halafu akatoa kile kitenge cha njano, akakikunja upya vizuri, kona kwa kona, akampa.

"Dada yangu angefanya hivihivi," alisema.

Usiku ule mama alilala mapema. Sikumwomba radhi kwa zile saa mbili, na yeye hakunikumbusha.

Kasulo hadi Nyakahura

Jumatano tulitoka na mwanga wa kwanza. Gari lilikuwa kimya, safari hii kwa haki. Ile harufu ya ndizi ilikuwa imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na harufu ya oili ya kweli, na mama akasema hii mbaya. Msafara wa magari yenye ulinzi wa kuvuka msitu ulikuwa unaondoka Nyakahura saa nne, na nilikuwa na hakika ya kuuwahi. Peke yako hupiti ule msitu siku hizi. Majambazi wanaweka gogo barabarani, na baada ya gogo hakuna anayesimulia.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari kijana, mgeni wa mkoa wetu kwa namna alivyoongea, alimulika tochi ndani ya gari ingawa kulikuwa kumekucha.

"Bibi, habari ya safari?"

Mama akamjibu kwa Kihangaza, kwa adabu zote, na kumwuliza habari za kwao.

"Mkimbizi huyu," askari akasema. "Unamtorosha unampeleka wapi?"

Nilimweleza kwamba ni mama yangu mzazi, ni Mhangaza, Mtanzania tangu kabla ya uhuru. Akasema wote wanasema hivyo. Akaniambia nimwambie aseme kitu kwa Kiswahili. Nikamwambia mama. Mama akafikiri, akasema kitu pekee alichokuwa nacho kichwani kwa Kiswahili: "Bwana awe nanyi." Askari akadhani anadhihakiwa.

Tulishushwa. Mama, mwenye miaka sabini na zaidi, aliketishwa kwenye jiwe pamoja na vijana wanne waliokamatwa wakitoka kambini. Wao walimpisha mahali pazuri pa jiwe. Alivua kitambaa alichojifunga kiunoni, akafungua fundo, akatoa kadi yake ya zaka ya parokia, kila mwaka umegongwa mhuri, akaishika mbele kwa mikono miwili. Askari aliisoma kadi pande zote. Ilibidi angojwe mkubwa wake aje, mzee wa Kisukuma, ambaye alimtazama mama mara moja tu.

"Shikamoo, mama. Utusamehe." Akamgeukia kijana. "Wewe, mukimbizi gani anatoa zaka miaka yote hiyo?"

Mama alisema "marahaba," akasema niwape askari pombe ile kwa sababu wameamka mapema. Sikuelewa wakati ule kama ni wema au ni kiburi. Dumu lilibaki kwenye kizuizi, na sisi tukafika Nyakahura saa tano na robo. Msafara ulikuwa umeondoka.

Nyakahura tulikula ugali wa mahindi ya njano kwa samaki wa kopo. Mama aliutazama ule ugali, akauliza umepakwa manjano kwa ajili ya sikukuu gani. Alikula samaki tu. Mchana kutwa alikaa kando ya pikapu akiwa na kamba ya mbuzi mkononi, akitazama upande wa msitu. Nilimwambia kesho mapema. Akaniambia, "Usinitajie tena saa."

Nyakahura hadi Nyakanazi

Alhamisi msafara ulikuwa na malori ya chakula, mabasi mawili, magari meupe, na sisi mwishoni kabisa, kwa kuwa askari wa ulinzi aliitazama pikapu yangu na kuipanga yeye mwenyewe. Lami ilikuwa imeliwa na malori, mashimo yake ukikwepa hili unaingia lile. Katikati ya msitu kipimo cha moto kikapanda. Mkumbuke, fundi alitengeneza difu. Rejeta, ile ya maji ya kupoza injini, hakuna aliyeiulizia. Gari ni kama familia, ukimtibu mmoja ndipo mwingine anakumbuka kuumwa. Mvuke ukatoka mbele kwa nguvu, kioo kikawa cheupe, nikasimama.

Gari la askari likarudi nyuma. Wakaniambia msafara hausubiri, niache gari nipande lori, au nibaki nalo. Nilishika usukani. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kama mtu mwenye akili anaweza kufikiri mara mbili mbele ya swali la namna hiyo, na mama yake mzazi ameketi kando. Nilifikiri. Ng'ombe wawili na mabati yote vilikuwa chini ya makalio yangu.

Aliyetuokoa ni dereva wa lori la mahindi, mtu wa Shinyanga, aliyeshuka na kamba ya chuma. Alisema atanivuta hadi Nyakanazi, lakini mizigo ya kuvuta si ya bure. Macho yake yalikuwa kwa mbuzi. Mama akampa kamba ya mbuzi kabla sijafungua mdomo. Mbuzi akapandishwa juu ya magunia, akalia njia nzima mbele yetu. Nasi tukavutwa nyuma yake, nimeshika usukani wa gari ambalo siliendeshi.

Nyakanazi ni njia panda. Malori yamejaa, nyama inachomwa, redio tatu zinapiga nyimbo tatu. Fundi wa pale alifunua boneti, akaondoa mfuniko, akachungulia, akafunga. Akasema kichwa cha injini kimepasuka kwa moto, na kifaa kinatoka Mwanza kama kinapatikana. Akataja bei. Nisiwachoshe kwa kuiandika. Ilizidi ya gari lenyewe. Huo ndio uliokuwa mwisho wa umiliki wangu. Nililisukuma kando ya nyumba ya wageni, nikafunga milango kwa ufunguo, kama kwamba kuna mtu angetaka kuliiba.

Mama alikuwa ameshaanza kutembea.

Nyakanazi hadi kwa mama mkubwa

Nilimfikia nje ya mji. Alikuwa peku, viatu amevishika mkononi, na anatembea vizuri kuliko nilivyomwona akitembea mwaka mzima. Tulipita mashamba ya mihogo na pamba, watu wanatusalimu, wengine wanasimama na kutufuata kwa macho. Wale wa karibu na kwa mama mkubwa hawakutusalimu kwa sauti. Waliinamisha vichwa, na mimi nikajua.

Nyumba za watu wa kule, kama za kwetu, zimezungukwa na migomba hadi mlangoni, na njia ya kuingia ni ya mtu mmoja mmoja. Kwa mama mkubwa haikuwa hivyo. Kuanzia barabarani hadi uani kulikuwa na uwazi mpana, mnyoofu. Migomba imekatwa pande zote mbili, vigogo vimelazwa chini kuziba mashimo, udongo umesawazishwa kwa jembe. Mikungu michanga, ambayo hata haijajaza, ilikuwa imerundikwa pembeni, inaanza kuwa myeusi. Mwisho wa ile njia, mbele ya nyumba, palikuwa pamefagiliwa mraba mzuri, upana wa pikapu.

Pastori alitoka amefunga kitambaa kichwani. Alitazama nyuma yetu, barabarani.

"Kaka, gari riko wapi?"

Mama mkubwa Leokadia alifariki Jumanne jioni. Walimzika Jumatano. Utingo alikuwa amewaambia tupo Kasulo, gari limeharibika kidogo, tunakuja, kwa hiyo walimsubirisha kaburini hadi jua la mwisho, wakisikiliza barabara. Kila lori lililopita mbali, watu walinyanyuka.

"Alikuwa na akiri zake zote," Pastori alimwambia mama. "Jumapili, rire neno ra gari rilipofika, alitaka mkeka wake uretwe mlangoni. Akaonyesha kwa kidole, kata huu, kata na ule. Nilimwambia mama, hiyo ni migomba yako ya kura, tutakura nini? Akasema, 'Mtoto wa mdogo wangu Skolastika anakuja na gari hadi mlangoni. Mlangoni, amesema. Atapita wapi?' Jumanne basi rilipopita akauliza kama umeshuka."

Mama hakulia pale. Alitembea ile njia yote polepole, katikati, akikanyaga vigogo, hadi ule mraba uliofagiliwa. Akasimama hapo. Halafu akaomba jembe, akaenda kaburini, akaweka udongo wake juu ya udongo uliokwisha kukauka, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti ambayo sikuijua. Nilisimama kando nikiwa na ufunguo wa gari mfukoni. Sikuwa na maharage, wala pombe, wala kitenge, wala mbuzi.

Jioni, walipotupa maji ya kunawa, aliongea nami kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Tulipomleta kwa miguu," alisema, "tulifika siku ya nne. Leo ni siku ya nne?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini mara ile tulifika na mbuzi."

Kurudi

Mama alirudi kwa basi baada ya matanga, na utingo hakumtoza nauli. Mapajani alikuwa amepakata machipukizi mawili ya migomba aliyoyang'oa kwenye mashina yaliyokatwa, yamefungwa kwa majani, na hakutaka yawekwe juu na mizigo. Mimi nilibaki siku mbili Nyakanazi nikitafuta wa kununua gari. Mmoja alitaka matairi tu. Nikamwachia.

Basi, mlitaka kujua gari liko wapi. Liko Nyakanazi, kando ya nyumba ya wageni, limekalia mawe manne, na kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama anachimba mashimo pale nilipozoea kuliegesha. Udongo wa pale ulikuwa mweusi kwa oili iliyovuja. Nikamwambia, mama, hapo hapafai, chipukizi litakufa, ngoja nikutafutie mahali pengine. Hakuinua kichwa.

"Nitangoja kwa muda gani?" aliniuliza. "Saa mbili?"

Akaendelea kuchimba.